Makomeo ya mlango mmoja: kwa watafiti wa kompyuta wa Tengeru, Njiro na Moshi

Alama za vidole kwa ajili ya viza ya Kanada huchukuliwa kwa dakika chache tu. Vidole vinne vya kulia juu ya kioo, vinne vya kushoto, madole gumba yote mawili, kisha picha. Ila kioo chenyewe kiko Dar es Salaam. Mhadhiri wa Moshi anayetaka kwenda kuwasilisha makala yake mkutanoni Kanada anapanda basi alfajiri, analala Dar, anawahi miadi, anarudi usiku. Viza ni dola 100 za Kanada, alama za vidole ni dola 85, na nauli na malazi ni juu yake, hata jibu likiwa hapana. Mwenzake Mjerumani, ambaye wameandika naye makala hiyohiyo moja, anajaza fomu ya mtandaoni ya dola 7 na kukata tiketi.

Tumeanza na kioo hicho kwa sababu ndivyo ubaguzi unavyomfikia mtafiti mweusi wa kompyuta aliyeko kwetu. Tusi la waziwazi ni la nadra. Kinachomrudisha nyuma ni fomu, ada, tarehe ya mwisho, na mstari wa majina juu ya makala. Ukiwa Tengeru, hapa Arusha, wewe ni mhadhiri kama wahadhiri wengine, na weusi wako unaanza kuhesabiwa pale karatasi yako inapotua mezani kwa mtu wa mbali. Baadhi ya makomeo hayo yanafunguka kutoka nje tu, na lazima tuwadai walio nje wayafungue. Mengine ufunguo wake uko hapahapa Arusha na Moshi, na hayo ndiyo yanayouma zaidi ukiyakuta yamefungwa.

Yaliyotokea Montréal mwaka 2018 hayafai kusahaulika. Black in AI, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 2017 na Timnit Gebru na Rediet Abebe, wote wawili wazaliwa wa Addis Ababa, ilikuwa na warsha yake ndani ya NeurIPS, mmojawapo wa mikutano mikubwa kabisa ya akili mnemba. Watafiti wengi wa Kiafrika ambao kazi zao zilikuwa zimekwisha kupokelewa walinyimwa viza. Mwaka uliofuata, Vancouver, hali ikajirudia. Mkutano mwingine mkubwa, ICLR, ulipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, lakini korona ikauhamishia mtandaoni. Ilibidi kungoja hadi Mei 2023 ndipo ICLR ikafanyika Kigali, ambako Mtanzania anaingia bila viza.

Kwa hiyo, kabla hujaamua makala uipeleke wapi, tazama kwanza mkutano utafanyika mji gani. Nairobi ni safari ya shatoo kupitia Namanga, unaondoka Arusha asubuhi na alasiri umefika. Deep Learning Indaba, mkutano wa Kiafrika wa akili mnemba ulioanzia Johannesburg mwaka 2017, umezunguka Nairobi, Tunis, Accra na Dakar. Hii haimaanishi tujifungie Afrika. Ila makala isiyowasilishwa na mwenyewe hupoteza nusu ya faida yake. Mazungumzo ya kwenye korido wakati wa chai, ambako watu hualikana kwenye miradi na kuulizana habari za nafasi za kazi, hayarushwi mtandaoni.

Ukiamua kwenda Ulaya, hesabu kurudi nyuma. Ombi la viza ya Schengen linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, na majibu hutolewa kwa kawaida ndani ya siku 15, ingawa zinaweza kufika 45. Ada ni yuro 90, na bima ya safari lazima igharamie angalau yuro 30,000. Tatizo ni kwamba mikutano mingi ya kompyuta hutoa majibu ya makala miezi miwili au mitatu tu kabla ya siku yenyewe. Ukingoja majibu ndipo uanze kutafuta taarifa ya benki, umechelewa. Nyaraka zako ziandae siku ile unapotuma makala, na kwenye barua pepe ya kwanza kwa waandaaji uliza barua ya mwaliko inatolewa lini. Kama mkutano uko Kanada, waulize pia kama wameusajili kwa idara ya uhamiaji na kupewa namba ya tukio, kwa sababu namba hiyo mwombaji anaiandika kwenye fomu yake. Waandaaji wengi hawajui kuwa kitu hicho kipo. Usione haya kuwafundisha.

Sababu ya kukataliwa inayojirudia sana ni kwamba ofisa hakuridhika kuwa utarudi. Barua ya mwajiri isiyosema zaidi ya kwamba fulani ni mtumishi wetu haijibu shaka hiyo. Iombe itaje cheo chako, tarehe ya kuajiriwa, kama ni masharti ya kudumu au mkataba, mshahara, siku ulizoruhusiwa, na tarehe ya kurudi kazini. Ambatanisha ratiba ya vipindi vyako vya muhula unaofuata. Ni karatasi moja tu, ila inaonyesha kuwa kuna darasa linakungoja. Taarifa ya benki iwe ya miezi sita yenye mwendo wa kawaida. Fedha nyingi zilizoingia wiki moja kabla ya ombi huonekana za kuazima, na mara nyingi ndizo zinazoangusha ombi zima. Kama mkutano unakulipia, barua yao iseme wazi wanalipa nini na kiasi gani: tiketi, vyumba vya siku ngapi, ada ya kushiriki. Barua inayosema tu kuwa utasaidiwa haina uzito.

Halafu kuna fedha yenyewe. Misaada mingi ya safari hulipwa baada ya safari: unatoa mfukoni, unarudi, unapeleka risiti, unangoja miezi. Kwa mtu mwenye kadi ya mkopo ya benki ya Ulaya ni usumbufu mdogo. Kwa mhadhiri msaidizi wa hapa ni mishahara ya miezi kadhaa. Waombe wanunue tiketi na hoteli wao wenyewe, moja kwa moja. Andika hivi, bila kujieleza sana: "Taasisi yangu haina utaratibu wa kulipia safari kabla, naomba tiketi na malazi vilipwe na mkutano moja kwa moja." Wengi hukubali wakiombwa mapema, yaani kabla hawajafunga bajeti yao.

Yapo makomeo madogo ambayo hakuna anayeyasimulia mpaka yamekukwaza. OpenReview, mtambo unaotumiwa na NeurIPS, ICLR na wengine kupokea makala, huufungua wasifu wako palepale ukijisajili kwa barua pepe ya chuo. Ukitumia Gmail, wasifu unakwenda kukaguliwa na mtu, na ukaguzi unaweza kuchukua hadi wiki mbili. Wahadhiri wengi wa kwetu hutumia Gmail kwa sababu barua pepe ya chuo hujaa au hukatika. Matokeo yake ni makala iliyokamilika huku mwandishi mmoja hawezi kuongezwa kwenye orodha, na siku imefika. Fungua wasifu mwezi mzima kabla, kwa anwani ya chuo, hata kama hutaitumia kwa jambo jingine lolote.

Saa nayo. Tarehe ya mwisho ikiandikwa AoE, maana yake ni mpaka siku hiyo iishe mahali pa mwisho duniani, saa 15 nyuma yetu. Saa 5:59 usiku ya AoE ni saa 8:59 mchana wa kesho yake kwa saa za Arusha. Wapo waliotuma kazi haijaiva kwa kudhani mwisho ni usiku wa manane wa hapa, kumbe walikuwa na mchana mzima wa kusahihisha.

Na majina. Nenda Machame, Kibosho au Marangu uhesabu wenye jina la Massawe, Mushi, Lyimo na Swai. Upande wa Arusha hesabu Mollel, Laizer, Kaaya na Pallangyo. Sasa ziweke makala zao kwenye orodha ya dblp, ambayo watu wa kompyuta duniani huitumia kutazama fulani ameandika nini. "J. Massawe" mmoja anabeba kazi za watu watatu, na "Joseph E. Massawe" anaonekana mtu mwingine na "Joseph Massawe". Anayetafuta mjumbe wa kamati au mhakiki anakuta vipande vipande na kuendelea na jina jingine. Mfumo wa jina la kwako, la baba na la babu haukufikiriwa na waliotengeneza fomu zenye sehemu mbili tu za kujaza. Chagua umbo moja tangu makala ya kwanza, jina la kwanza kwa kirefu, usilibadilishe hata ukiolewa, na jisajili ORCID. Ni bure: namba ya tarakimu 16 inayokufuata popote. Kisha waandikie dblp wakurekebishie, huwa wanafanya.

Kuhusu ada za kuchapisha kwenye majarida huria, yaani yale yanayosomwa bure na yeyote, kuna mtego unaowakamata Watanzania hasa. Benki ya Dunia imetuhesabu kuwa nchi ya kipato cha kati cha chini tangu Julai 2020, huku Umoja wa Mataifa ukiendelea kutuweka kwenye kundi la nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo. Mchapishaji anayefuata orodha ya Umoja wa Mataifa anaweza kukusamehe ada yote. Anayefuata ya Benki ya Dunia anaweza kukupa punguzo tu, na nusu ya dola elfu mbili bado ni fedha ambayo huna. Soma ni orodha ipi kabla ya kutuma. Tena msamaha huombwa siku ya kutuma makala. Wachapishaji wengi hawapokei ombi baada ya makala kukubaliwa, na kufikia hapo mtu ameshanaswa: ama alipe, ama aiondoe kazi yake aanze upya kwingine.

Tuje kwenye uhakiki, yaani makala kusomwa na wataalamu wengine kabla ya kukubaliwa. Wakati wa maandalizi ya WSDM ya mwaka 2017, mkutano wa utafutaji wa taarifa na uchimbaji wa data mtandaoni, Andrew Tomkins na wenzake waliwagawa wahakiki: wengine waliona majina ya waandishi, wengine hawakuona. Walioona walielekea zaidi kupendekeza kazi za watu mashuhuri na za vyuo na kampuni kubwa. Jina la Kiafrika chini ya jina la chuo kisichojulikana halipati msaada huo. Kwa hiyo tunaunga mkono kabisa uhakiki unaoficha majina, na ukiweza kuchagua, chagua mkutano wa namna hiyo. Ila kuficha majina ni kazi ya mwandishi pia. Namba ya kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, inakutaja. Shukrani kwa mkuu wa idara zinakutaja. Kiungo cha GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, chenye jina lako kinakutaja, na sifa za ndani za faili la PDF hubeba jina la mwenye kompyuta. Andika kwamba kibali kimepatikana na namba itatolewa baadaye, ondoa shukrani, weka msimbo kwenye hifadhi isiyo na jina, kisha fungua sifa za PDF uzisome kabla hujatuma.

Kwa wanaofanya kazi za Kiswahili, au Kimaasai, au Kichagga, pingamizi linajulikana hata kabla majibu hayajafika: umejaribu lugha hii tu, tutajuaje kama njia yako inafaa kwingine? Makala iliyojaribiwa Kiingereza peke yake haiulizwi. Mara nyingi haitaji hata kwamba lugha ilikuwa Kiingereza. Hapa kuna silaha ambayo wengi hawaifahamu. Mwongozo wa ACL Rolling Review, mfumo wa kuhakiki makala za teknolojia ya lugha, kwa wahakiki wake unaorodhesha sababu za uvivu ambazo hazitoshi kuikataa makala, na miongoni mwake imo hiyohiyo ya kujaribiwa kwenye lugha isiyo Kiingereza, pamoja na ile ya makosa ya lugha katika uandishi. Unapojibu, nukuu kipengele hicho kwa upole, kisha tumia fomu yao ya kuripoti uhakiki wenye kasoro. Usiandike kwa hasira. Anayesoma fomu hiyo ni mhariri mwenye makala nyingi za kuamua, na anachohitaji ni mstari mmoja wa mwongozo na mstari mmoja wa mhakiki, vimewekwa pamoja.

Na kukataliwa mara moja si hukumu. Mwaka 2014 waandaaji wa NeurIPS walizipeleka makala 166 kwa kamati mbili zisizojuana. Kamati hizo zilitofautiana kuhusu makala 43. Takribani robo. Mwenye marafiki wengi kwenye fani anaijua siri hiyo na kutuma tena mwezi unaofuata. Aliye peke yake Njiro anaiweka kazi kabatini. Ni hasara kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayejiondoa mwenyewe haonekani kwenye takwimu yoyote ya ubaguzi.

Sasa komeo ambalo ufunguo wake tunao sisi.

Mradi wa kawaida huja hivi. Chuo cha nje kimepata ruzuku ya kukusanya sauti za Kiswahili, au picha za majani ya migomba yenye ugonjwa, au kumbukumbu za zahanati. Wanahitaji mtu wa hapa. Anatafuta vibali, anazungumza na watendaji wa kata, anawafundisha wakusanyaji, anasafisha data usiku. Mwaka mmoja baadaye makala inatoka ina majina sita, lake ni la tano, au limo kwenye shukrani. Wenzetu wa nje mara nyingi hawana nia mbaya. Wanafuata tu desturi yao kwamba aliyeandika msimbo na maneno ndiye mwenye makala, na kwamba kukusanya data ni kibarua. Lakini katika utafiti wa lugha zetu na mashamba yetu, data ndiyo ugunduzi wenyewe. Kuamua kwamba sauti zichukuliwe Rombo na Karatu na si mjini tu, kwamba bibi asiyesoma aulizwe kwa picha badala ya kupewa sentensi ya kusoma, ni maamuzi ya kitaaluma, na matokeo ya modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na data hiyo, yanasimama juu yake.

Wakati wa kuzungumza majina ni kabla ya kibali. Mtafiti wa nje anapoomba kibali cha COSTECH anatakiwa kuwa na mshirika wa hapa, na mshirika huyo ni wewe. Siku anapohitaji jina na sahihi yako ndiyo siku una nguvu. Data ikishavuka kwenda kwenye seva ya kwao, umebaki na heshima zao tu. Usitie sahihi mpaka ukurasa mmoja uwe umeandikwa na kukubaliwa. Uandike wewe, usingoje wao. Anayeandika rasimu ndiye anayeamua mazungumzo yaanzie wapi.

Ukurasa huo useme makala zinazotarajiwa ni zipi na nani mwandishi wa kwanza wa kila moja. Makala ya kuielezea data ni vyema iongozwe na hapa, na ya modeli inaweza kuongozwa na wao. Katika matawi mengi ya kompyuta mpangilio wa majina hufuata mchango, lakini kwenye nadharia hufuata alfabeti, basi taja ni desturi ipi, isije mtu akajificha nyuma ya nyingine. Tumia CRediT, orodha ya kueleza mchango wa kila mwandishi yenye majukumu 14, na mwandikie kila mtu majukumu yake tangu sasa. Kusimamia data na kubuni mbinu yamo humo, sawa na kuandika msimbo. Sema rasimu itakaa kwa waandishi wote siku 14 kabla ya kutumwa, kwa sababu hila ya kawaida, hata isiyokusudiwa, ni rasimu kuletwa usiku mmoja kabla ya mwisho na ombi la kusema kama una maoni. Sema nani atapanda jukwaani, na safari yake iwe kwenye bajeti ya ruzuku, ikiwa na viza ndani yake. Sema nakala kamili ya data itakaa kwenye chuo cha hapa tangu siku ya kwanza ya ukusanyaji, na leseni itaamuliwa kwa sahihi za pande zote mbili. Na sema nini kitatokea mtu akihama chuo au mwanafunzi akihitimu, kwa maana hapo ndipo majina hupotea kimyakimya.

Mkiuhariri ukurasa huo kwa pamoja kwenye waraka wa mtandaoni, wewe Moshi na wao Delft, Uholanzi, na maneno yenu yasigongane, mbinu inayowezesha hilo ina mizizi kwenye kazi ya Clarence Ellis na Simon Gibbs ya mwaka 1989. Ellis ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta, Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1969. Wanafunzi wetu wanapaswa kulijua jina lake kabla ya kuhitimu, na lingekaa vizuri kwenye mhadhara wa mifumo sambamba kuliko kwenye hotuba ya sherehe.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na sauti na sura za watu zimo. Mshirika akisema ni rahisi zaidi kila kitu kikae kwenye seva yao, jibu lako ni kwamba sheria inataka utaratibu, na utaratibu huo unaanzia kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hapa nchini. Hilo halihitaji ubishi.

Tukizungumzia sura: mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa za kutambua jinsia kwa picha 1,270 za wabunge wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7. Kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8. Buolamwini alikuwa ameanza kulichunguza jambo hilo pale kamera ya mradi wake katika chuo cha MIT, Marekani, ilipouona uso wake kwa urahisi tu alipovaa kinyago cheupe.

Kwa mtu wa hapa jambo hilo linakuja kwenye mtihani wa Kiingereza au usaili wa nafasi ya uzamivu unaofanywa kwa kamera. Programu inayosimamia mtihani inapoteza uso, inahesabu kuwa umeondoka, mtihani unasimamishwa. Kamera ya kompyuta ndogo hupima mwanga wa picha nzima na kuusogeza kwenye wastani, hivyo ukikaa mbele ya ukuta mweupe au dirisha, kamera inapunguza mwanga ili ukuta usiungue, na uso mweusi unakuwa kivuli. Geuza kiti ili dirisha liwe mbele yako. Tundika nyuma yako shuka au kitenge cha rangi iliyokolea, isiyometa. Weka taa mbili kulia na kushoto kwa mshazari, juu kidogo ya macho, si balbu moja ya darini inayotia giza kwenye matundu ya macho. Jaribu siku moja kabla, saa ileile ya mtihani. Na ukikatwa, piga picha ya skrini yenye saa na udai kurudia bila malipo. Kasoro ni ya kwao na ilishapimwa.

Kwa wanaoomba nafasi za uzamivu Marekani, ada ya maombi mara nyingi ni kati ya dola 75 na 125 kwa kila chuo, na vyuo vingi huiondoa kwa anayeomba kwa barua mapema. Black in AI ina mpango wa bure wa kuwasaidia waombaji weusi kupitia maandishi yao. Uingereza haiwahesabu Watanzania kuwa wazungumzaji wa Kiingereza, hata aliyesomea kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza. Barua ya msajili inayothibitisha lugha ya kufundishia huondoa mtihani kwenye baadhi ya vyuo; iombe kabla hujalipia mtihani wowote. Na ukishafika huko ukawa mweusi pekee kwenye idara, utaombwa kuingia kwenye kila kamati ya ujumuishi, kuonekana kwenye kila picha ya tovuti, kumlea kila mwanafunzi mweusi anayekuja. Ni kazi ya haki na wengi huifanya kwa moyo. Andika saa zake kila wiki. Zikizidi tatu, peleka karatasi kwa mkuu wa idara na uombe ziingizwe kwenye mzigo wako rasmi au upunguziwe kufundisha, maana kamati ya kupandisha vyeo itahesabu makala tu.

Tuseme na la kwetu. Mwanafunzi wa uzamili ambaye jina lake linashushwa na msimamizi wake ndani ya chuo cha hapahapa anatendewa lilelile tunalolilalamikia kwa wageni. Ukurasa ule mmoja wa makubaliano utumike na baina yetu pia.

Na kuna chombo ambacho Kilimanjaro inakijua tangu KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa mwaka 1933: watu kuchanga. Wahadhiri kumi wa idara wakiweka shilingi 50,000 kila mwezi, mwaka ukiisha wana milioni 6, ambazo kwa kawaida zinatosha tiketi, viza na bima ya mtu mmoja. Anayekopa alete barua ya makala kupokelewa na ahadi iliyoandikwa ya kurejeshewa. Arejeshe ndani ya siku 14 tangu fedha iingie. Asafiri mmoja kwa wakati mpaka mfuko ufike mara mbili ya gharama ya safari, kwa sababu marejesho ya mikutano hukawia na wa pili atakuta sanduku tupu. Viza iliyokataliwa hairudishiwi ada, na hasara hiyo ibebwe na kikundi kizima, iandikwe hivyo kwenye kanuni tangu kikao cha kwanza, ili mwenye hofu ya kukataliwa naye apate kuomba.